Gego Langu Sasa ni Mali ya Ukoo

Mtu akifikia umri wangu hapa Makoko, kando ya Ziwa Victoria, hubakiwa na vitu vichache sana ambavyo watu hawajavijadili. Kiwanja changu kimeshajadiliwa. Kiinua mgongo changu kilijadiliwa kikapangiwa matumizi kabla hakijaingia benki. Hata goti langu lina wasemaji wake. Nilichokuwa nimebaki nacho ni sehemu ya nyuma ya kinywa changu, upande wa kushoto, mahali ambapo mimi mwenyewe sipaoni bila kioo na tochi. Nilidhani huko ni kwangu. Kumbe nako kuna wajumbe.

Aliyeanzisha ni binti yangu anayeishi Dar es Salaam. Kuna mtu alimtumia ujumbe wa sauti kwenye simu, naye bila kunihurumia akausukuma kwenye kundi la ukoo, lile kundi ambalo likisikia msiba linaandika "Amina", likialikwa harusini linaandika "Amina", na likiombwa mchango linanyamaza. Msemaji wa ujumbe huo hakutaja jina lake, ila alijitambulisha kuwa ni mtaalamu, akasema kila mwenye jino lililozibwa kwa chuma amebeba sumu kinywani na alitoe mara moja. Binti akaweka la kwake chini yake: "Baba, wewe si unalo? Lile linalong'aa ukicheka?"

Mimi si mtu wa kucheka ovyo. Nimefundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, na mwalimu anayecheka ovyo hana darasa. Lakini tangu siku ile nimeombwa nicheke na watu ambao hawajawahi hata kunisalimia, kila mmoja na tochi ya simu mkononi.

Jino lenyewe ni gego la chini. Lilitoboka enzi za urais wa Mzee Ruksa, wakati ambapo ruksa ilikuwa nyingi lakini kwa mwenye jino bovu ilikuwa ni moja kati ya mbili: ling'olewe au lizibwe kwa chuma. Nikaomba lizibwe. Daktari aliyelifanyia kazi nadhani ameshastaafu, ila kazi yake haijastaafu. Tangu hapo limekaa humo kama mpangaji anayelipa kodi kwa wakati, halipigi kelele wala halidai ukarabati. Na kibarua chake si chepesi, kwa sababu sisi wa huku ziwani tunakula dagaa, na dagaa anayeanikwa mchangani huja mezani na sehemu ya ufuko. Wapo siku hizi wanaoanika juu ya chanja, dagaa wao msafi, bei yake nayo iko juu ya chanja. Mama watoto anasema mchanga haujawahi kuua mtu. Ni kweli, haujaua, kwa sababu gego langu limekuwa likiusaga kabla haujafika mbali.

Sasa jino hilohilo, lenye utumishi usio na doa, linafunguliwa mashtaka.

Nyumbani kwangu mashtaka yalianza na dalili. Ujumbe ule uliorodhesha mambo yanayompata mtu aliyedhuriwa na zebaki: mikono kutetemeka, kusahau, kukosa usingizi, kukasirika bila sababu ya maana. Mama watoto aliisikiliza orodha hiyo akiwa anachambua mchele, akarudia kuisikiliza, kisha akanitazama kwa macho ya mtu aliyepata jibu la fumbo la muda mrefu. "Baba watoto," akasema, "kumbe si tabia. Ni jino."

Nikamweleza kwamba nilikuwa mkali kabla ya kuzibwa jino, mashahidi wapo, wengine sasa ni wakubwa serikalini. Hakunisikia. Siku hiyohiyo nikasahau mahali nilipoweka miwani, na miwani ilikuwa kichwani, na hilo nalo likaandikwa kwenye faili la jino. Usiku nikakosa usingizi kwa sababu ya mbu, likaandikwa. Ubaya wa orodha ya dalili za namna hii ni kwamba inamchukua mzee yeyote mwenye watoto chuoni. Hizo dalili zote ninazo, na kila muhula ada ikilipwa zinapungua.

Nikaona nisibishane kwa hewa. Nimefundisha sayansi darasa la sita kwa chaki na ubao tu. Sishindwi na ujumbe wa sauti. Nikatafuta habari.

Ukweli wa kwanza uliniudhi, kwa sababu uliwapa nguvu wapinzani wangu. Chuma kile kinachoitwa amalgamu, karibu nusu ya uzito wake ni zebaki kweli. Nusu nyingine ni unga wa fedha, bati na shaba. Zebaki ni madini yaliyo majimaji hata bila kupashwa moto. Ukiichanganya na unga huo unapata kitu laini kinachoshindiliwa kwenye tundu la jino, na baada ya muda kinakuwa kigumu. Na ni kweli pia kwamba kila ukitafuna, ukisaga meno usingizini au ukinywa chai ya moto, mvuke kidogo sana wa zebaki hutoka. Hilo nililisoma nikiwa na kikombe cha chai ya moto mkononi. Nilisita kidogo, nikamaliza chai.

Ukweli wa pili ulinifariji: ugomvi huu si wa kundi letu la ukoo. Dawa hiyo ya kuziba ilienea Ulaya mwanzoni mwa karne ya 19, na mwaka 1833 ndugu wawili wa ukoo wa Crawcour wakaipeleka Marekani, wakaziba watu meno kwa bei poa na kwa haraka. Madaktari wa meno wa kule, waliokuwa wakiziba kwa dhahabu kwa bei isiyo poa, wakapandwa na hasira. Miaka ya 1840 chama chao kikawataka wanachama watie saini kwamba hawataigusa amalgamu. Waliokataa wakatimuliwa. Chama kikagombana hadi mwaka 1856 kikafa chenyewe, amalgamu ikabaki. Kwa hiyo binti yangu akidhani amegundua jambo jipya, amechelewa kwa karibu miaka mia mbili.

Nilikuwa najiandaa kuusambaza utafiti huo kwenye kundi (nao wangeandika "Amina") alipofika shemeji.

Shemeji yangu, kaka yake mama watoto, ni mchimbaji mdogo wa dhahabu kule Buhemba, wilayani Butiama. Mkoa wetu wa Mara watu wanaujua kwa Mwalimu Nyerere na kwa nyumbu wa Serengeti, lakini chini yake kuna dhahabu, na imechimbwa tangu ukoloni. Mgodi wa Kiabakari ulikuwa ukifanya kazi miaka ya 1930. Makampuni yanakuja na kuondoka. Wachimbaji wadogo hawaondoki. Shemeji akipata, anakuja Makoko kula sato na kutushauri. Akikosa, anakuja Makoko kula sato.

Safari hii alikuja akiwa na begi moja, na ndani ya begi, iliyoviringishwa katika fulana, kulikuwa na chupa ndogo iliyowahi kuwa ya dawa ya kikohozi. Akaitoa kwa uangalifu akaiweka juu ya kabati la vyombo. Wajukuu wakamzunguka. Akafungua kizibo, akamimina tone moja kwenye kiganja, likawa linakimbiakimbia, linagawanyika, linaungana, na watoto wanapiga makofi. Alipomaliza maonyesho akalirudisha chupani, akapangusa kiganja kwenye suruali, akachukua karanga kwenye sahani, akaketi kunikabili.

"Shemeji," akasema akitafuna, "nimesikia habari za jino lako. Hilo jino litakuua."

"Na hiyo ya kwenye chupa?"

"Mimi nimezoea."

Nikamwomba anieleze kazi yake hatua kwa hatua, kama mwanafunzi anayesimama mbele ya darasa. Alifurahi, maana hakuna mtu katika ukoo aliyewahi kumuuliza. Mawe yakitoka shimoni, anasema, yanapelekwa kwenye karasha yanasagwa mpaka yanakuwa unga. Unga unaoshwa, kinachobaki kizito kinawekwa kwenye karai. Hapo ndipo zebaki inapomiminwa, na mtu anaukanda mchanganyiko huo kwa mikono mitupu, anaukanda mpaka zebaki imeikamata dhahabu yote. Kisha unakamuliwa kwa kitambaa, inabaki donge moja la rangi ya fedha. Donge linawekwa juu ya moto. Zebaki inapaa na moshi, dhahabu inabaki.

"Inapaa kwenda wapi?" nikauliza.

"Juu."

"Na wewe unakuwa wapi?"

"Nakuwa hapo hapo, shemeji. Ukiondoka dhahabu yako inaondoka na mtu."

Basi nikaelewa kwamba kile anachokifanya shemeji kwenye karai ndicho alichokifanya daktari kwenye gego langu, kuikutanisha zebaki na madini mengine mpaka vishikane. Tofauti ni kwamba daktari aliishia hapo, akaacha kitu kigumu kikae. Shemeji yeye anakitia moto na kukaa kando yake. Na mvuke ndio hatari kubwa, kwa sababu zebaki ya majimaji ukiimeza kwa bahati mbaya karibu yote hupita tumboni ikatoka, lakini ukiuvuta mvuke wake, mapafu hupokea sehemu kubwa na kuipeleka kwenye damu, na damu kwenye ubongo na figo. Gego langu lina zebaki isiyozidi gramu moja hivi, imefungwa humo tangu enzi za Mzee Ruksa. Uchimbaji mdogo wa dhahabu hutumia gramu moja ya zebaki, mara nyingi zaidi, kupata gramu moja ya dhahabu. Taarifa ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018 ilikadiria kwamba kazi hii ya akina shemeji duniani kote ndiyo inayopeleka zebaki nyingi zaidi hewani, zaidi ya theluthi moja ya yote inayotokana na shughuli za binadamu, kuliko hata makaa ya mawe.

Nilimsomea hayo. Alinisikiliza kwa heshima, kwa kuwa sato alikuwa hajaiva.

"Lakini wewe, shemeji," akasema, "unalala nalo. Mimi yangu nikimaliza kazi naifunga kizibo."

Hapo mama watoto akatikisa kichwa kukubali. Kukubaliana na kaka yake!

Nilimuuliza kuhusu vile vyombo vya kufunika vinavyonasa mvuke wakati wa kuchoma na kuugeuza tena kuwa zebaki, ambavyo wachimbaji wamekuwa wakihimizwa wavitumie. Anavijua. Anasema vinachelewesha, halafu ukishafunika huoni dhahabu yako ikiiva, na mwanamume hawezi kuacha dhahabu yake iive gizani na watu wengine wamesimama karibu. Sikuwa na jibu la hilo. Wataalamu waliotengeneza kile chombo nao sidhani kama waliwahi kuchoma dhahabu wakiwa wamezungukwa na wadai.

Nikampa na habari ya Minamata, nikitumaini itamtisha. Ni mji wa pwani huko Japani, wa wavuvi, kwa hiyo Makoko tunaweza kuuelewa. Kiwanda kilikuwa kinamwaga majitaka yenye zebaki baharini, samaki wakaichukua, paka wakala samaki wakaanza kurukaruka na kuanguka, kisha watu. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki ukapewa jina la mji huo. Ulitiwa saini mwaka 2013, Tanzania ikiwamo, na sisi tukauridhia mwaka 2020. Zebaki inayoingia majini hugeuzwa na vijidudu ikawa ya aina mbaya zaidi, halafu inapanda kutoka kwa samaki mdogo kwenda kwa mkubwa anayemla. Waliopima samaki wa Ziwa Victoria miaka ya nyuma walikuta wengi wako chini ya kikomo kinachokubalika kimataifa, jambo ambalo nililipokea kwa shukrani, maana huku hatuna mboga ya akiba. Lakini mito ya mkoa huu haipandi mlima, inashuka ziwani.

Shemeji akasema habari ya paka inasikitisha. Akaomba chumvi.

Jirani yangu wa upande wa ziwani, mzee wa Kijaluo kutoka Rorya, yeye hakuona ugumu wa jambo lenyewe. "Mwalimu, ling'oe," alisema, na kwa kunitia moyo akanionyesha pengo lake la chini, meno sita ya mbele yaliyong'olewa alipokuwa kijana, kwa mila ya kwao. Wenyewe husimulia kwamba faida yake mojawapo ilikuwa ya kitabibu: mtu akipatwa na pepopunda, taya zikakaza, uji unapita kwenye pengo. Sikuweza kumbishia, maana hiyo angalau ni hoja yenye njia ya kupitia. Mkoa huu umekuwa na maoni kuhusu meno tangu zamani. Wazanaki walikuwa wanayachonga yakawa na ncha. Mwalimu Nyerere mwenyewe alichongwa meno ya mbele ya juu kwa desturi ya kwao, akaenda nayo Makerere, Edinburgh na Umoja wa Mataifa, na hakuna aliyemtumia ujumbe wa sauti.

Ila kuna kisa kimoja cha meno ambacho sikicheki. Wenye umri wangu wanakumbuka "meno ya plastiki". Miaka ya 1980 ulienea uvumi kwamba mtoto mchanga akiwa na homa na kuhara, chanzo ni meno mabaya yaliyojificha ndani ya fizi. Watu wakawapeleka watoto kwa mafundi waliokuwa wakipasua fizi na kuchokonoa vichipukizi vya meno, mara nyingi kwa kifaa kisicho safi. Lilikuwa ni jino la kawaida kabisa ambalo halijaota. Watoto walitoka damu, wengine wakapata maambukizi, na wapo waliokufa kwa tiba ya ugonjwa ambao haukuwapo, huku malaria na kuhara vikiwa vinaendelea bila dawa. Kwa hiyo mtu akinijia na haraka ya kutoa kitu kinywani mwa mwenzake, mimi hujifunga mdomo kwanza.

Mwishowe nilikwenda kwa daktari wa meno mjini, si kwa hofu, ila kwa sababu binti alituma nauli na kusema atanipigia nikiwa pale pale ili asikie. Hapa Makoko tuna chuo cha lugha ambako Wamaryknoll wamekuwa wakiwafundisha wamisionari Kiswahili kwa miaka mingi, na naamini "jino linaniuma" ni sentensi wanayofundishwa mapema. Sentensi niliyoihitaji mimi haina somo lake: jino haliniumi, daktari, bali ukoo unataka litoke.

Daktari alikuwa binti mdogo. Aliniamkia vizuri, akanilaza, akagongagonga gego kwa kichuma chake, akapuliza hewa, akatazama. "Mwalimu, hili halina tatizo lolote. Kingo zimekaa, chini hakuna kuoza."

Nilijisikia nimeonewa. Umelipa kumwona daktari, umekaa foleni, umetazama mabango ya meno yaliyooza mpaka ukayaota, halafu unaambiwa huumwi. Nikamwambia sitaki sifa, nataka kujua kama alitoe.

Alinieleza taratibu. Kulitoa maana yake ni kulichonga kwa mashine, na kuchonga hutoa vumbi na mvuke wa zebaki kwa mkupuo, zaidi ya ule unaovuja kidogo kidogo jino likiwa limetulia. Pia kila ukibadilisha kizibo unapoteza kipande kingine cha jino zima. Mamlaka ya dawa ya Marekani, mwaka 2020, ilisema wajawazito, wanaonyonyesha, watoto, wenye figo mbovu au magonjwa ya mishipa ya fahamu na wenye mzio wa zebaki, wasiwekewe amalgamu mpya kila inapowezekana. Lakini papo hapo ikasema amalgamu iliyomo kinywani na ni nzima isitolewe bila sababu ya kitabibu. Ikivunjika, ikivuja, jino likioza chini yake, au mtu akiwa na mzio, hapo ni habari nyingine.

"Sasa mbona wanaipiga marufuku?" nikauliza. Nilikuwa nimesoma, nisingeondoka kirahisi. Norwei waliiondoa mwaka 2008, Uswidi mwaka 2009, Umoja wa Ulaya kuanzia Januari 1, 2025. Nchi za mkataba wa Minamata zilikubaliana mwaka 2022 kwamba watoto wa chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha wasiwekewe, ila pale tu daktari anapoona lazima, na Novemba 2025 huko Geneva zikaweka mwaka 2034 kuwa mwisho wa amalgamu kabisa.

"Mwisho wa kuweka mpya, Mwalimu," akasema. "Hawaji kukutoa la zamani." Na sababu kubwa, akaongeza, ni mazingira, yaani zebaki inayochimbwa, kusafirishwa, kumwagwa kwenye sinki. Kuna nchi ambako zebaki iliyoagizwa kwa ajili ya meno imekuwa ikichepushwa na kuishia migodini.

Nikakumbuka chupa juu ya kabati la vyombo. Nikamuuliza, je, ukilitoa langu, vile vipande vinakwenda wapi? Akasema wanavikusanya kwenye chombo chenye kifuniko. Nami nikajua kwamba nikitoka na habari hiyo, shemeji atakuja kuuliza kama ndani ya kile chombo kuna cha kukamuliwa. Ulaya wana tatizo jingine, wafu wao wengi huchomwa moto, na meno yaliyozibwa huipeleka zebaki hewani kupitia bomba la moshi, mpaka wamelazimika kuweka vichujio. Sisi tunazikwa. Gego langu litashuka na mimi likiwa limefungwa, na hapo ndipo kibali chake cha kukaa kitakapokwisha.

Nilikuwa nimeshavaa kofia daktari aliposema, "Lakini hili la pembeni yake limetoboka."

Jino la pembeni! Halina chuma, halina sumu, halijawahi kutajwa na mtu yeyote kwenye kundi la ukoo. Lilikuwa linaoza kimya kimya wakati wote tunamjadili jirani yake. Alitaka kuwasha mashine, umeme ukakatika. Hakubabaika. Akachukua vifaa vya mkono, akachokonoa sehemu iliyooza bila sindano ya ganzi, akalijaza kwa dawa nyeupe isiyo na zebaki, akalikandamiza kwa kidole. Njia hiyo, alinieleza huku mdomo wangu ukiwa wazi na hivyo bila uwezo wa kumpinga, ilianzia hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mholanzi Jo Frencken na wenzake walipokuwa wanatafuta namna ya kuziba meno ya watu wa mahali pasipo na umeme wala mashine. Shirika la Afya Duniani likaitangaza mwaka 1994. Dunia nzima sasa inatafuta njia ya kuziba bila zebaki, na moja ya njia hizo ilitokea kwetu kwa sababu umeme ulikuwa hauaminiki. Ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu kukatika umeme kunipa heshima ya taifa.

Nyumbani hakuna aliyeridhika. Binti alipiga: "Baba, wametoa?" Nikamwambia wameongeza. Alinyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha. Mama watoto alitaka kujua kwa nini basi bado ni mkali, na nilipomwambia huenda ni tabia, hakupenda jibu. Shemeji aliulizia lile jino jipya kama lina fedha ndani. Nikasema halina. Akapoteza hamu nalo.

Nilitoa sharti moja, kwamba ile chupa isilale tena juu ya kabati la vyombo. Kulikuwa na mjadala mrefu, mama watoto akisema mgeni hapangiwi pa kuweka mali yake, nami nikisema wajukuu hawapangiwi mchezo wa zebaki. Shemeji mwenyewe ndiye aliyeumaliza, kwa kuamua kurudi Buhemba, kwa kuwa amepigiwa simu kuna duara, yaani shimo, limetema dhahabu.

Nilimsindikiza hadi stendi ya Bweri. Chupa alikuwa ameiweka kwenye mfuko wa shati, juu ya moyo, kizibo kimefungwa kwa uzi. Gari lilipoanza kuunguruma alitoa kichwa dirishani, akanishika mkono kwa huzuni ya kweli.

"Shemeji, nakuomba. Lifikirie tena hilo jino."

Nikamwambia ahame kiti cha mbele, maana injini ya hiace iko chini yake.

"Nimezoea," akasema.